Picha Tatu Nilizosema Zimeungua

Msambweni, Alhamisi, baada ya alasiri

Rukia mwanangu,

Salamu tulipeana asubuhi na tutapeana tena kwenye chakula, kwa hivyo hapa naziruka. Naziruka pia zile habari za kutokula vya watu njiani na kupiga simu ukifika. Baba yako amezisema tangu Jumatatu, na hivi ninavyoandika namsikia uani akilifunga sanduku lako kwa kamba ya nailoni kama anayemfunga ng'ombe wa kuchinja. Mwache tu, utaikata kwa kisu ukifika.

Nimefunga studio mapema ili nikuandikie. Ningeweza kukwambia kwa mdomo, lakini najijua. Nikianza kusema nitatia chumvi, nitakuchekesha, na tutamaliza tukiwa tumecheka na jambo lenyewe halikuguswa. Kalamu hainipi nafasi ya kukutazama usoni nikaona pa kukwepea.

Jumatatu unaanza kazi katika ofisi inayotengenezea watu kurasa za intaneti. Umetueleza kwamba wateja wao wengi ni mahoteli na wapigapicha, na kwamba chini ya kila ukurasa huwekwa ule mstari: herufi C iliyofungiwa ndani ya duara, mwaka, jina la mwenyewe, kisha onyo kuwa haki zote zimehifadhiwa na hairuhusiwi kunakili. Wewe ndiye utakayekuwa ukiuandika. Juzi ulipokuwa ukimchorea baba yako duara lile kwenye karatasi, ulinitupia jicho, halafu ukainamisha uso upesi. Nililiona jicho lile. Tangu mwaka jana, siku ile kule hotelini, kuna swali hujaniuliza, na mimi nimejifanya sijui kama lipo. Unataka kujua kwa nini mamako, anayeaminiwa na wanawake wa Msambweni nzima, alimdanganya bi harusi. Sitaki uende na swali hilo Nairobi.

Unajua nilivyoanza kazi hii, lakini unaijua hadithi ninayowasimulia wageni, ambayo nimeipaka rangi. Ukweli wake ni mdogo. Nilikuwa nikifagia studio ya mzee mmoja pale Ukunda, karibu na Kona ya Musa, na mzee huyo macho yalikuwa yameanza kumchoka. Siku moja alikuja mama kutoka huku kwetu akitaka mpigapicha wa siku ya kumpamba bintiye. Mzee akasema atakwenda mwenyewe. Yule mama akamtazama kuanzia viatu mpaka kofia.

"Uje wapi, mzee wangu? Humo ni wanawake watupu, mabuibui yametundikwa."

Mzee akacheka, akanigeukia, akanipa kamera. Wallahi sikujua hata jicho lipi nifumbe. Katika picha thelathini na sita zilitoka tisa, na mbili katika hizo zilikuwa za kidole changu. Lakini zile saba zilizunguka nyumba kwa nyumba, na tangu siku hiyo hapajakuwa na bi harusi wa huku aliyepambwa bila mimi kuitwa.

Kanuni ya kazi niliitunga mwenyewe. Picha za ukumbini hazipelekwi Mombasa kusafishwa, maana mashine za kule zinashikwa na wanaume. Ndiyo maana niling'ang'ania filamu ya nyeusi na nyeupe hata watu walipoanza kuicheka, nikawa naisafisha mwenyewe gizani katika stoo yetu, nyuma ya pazia la studio, na picha nikizitoa chini ya taa nyekundu, wewe ukiwa mgongoni. Picha zikikauka nazitia katika bahasha moja pamoja na negativu zake zote, nampelekea bi harusi mkononi mwake. Sibakishi nakala. Akitaka nyingine baadaye, ananiletea negativu, namsafishia, anaondoka nayo. Wanawake walilijua hilo, na ndiyo sababu nilipoinua kamera hawakujifunika. Waliendelea kucheka na kucheza, vichwa wazi, kana kwamba sipo.

Basi ikaja harusi ya Mwanamisi. Alipambwa alasiri katika ua wa mamake, na ua wenyewe ulizungushiwa leso juu ya makuti ili mpita njia asione ndani. Jua lilikuwa likipenya katika leso zile. Mwanga wa namna ile sikuwahi kuupata kabla. Mwanamisi alikaa mkekani, nywele zimesukwa, mabega wazi, michoro ya piko imemfika viwikoni. Nyuma yake alipiga magoti nyanyake, akimchomeka asumini kichwani. Bibi kizee yule kila ua lilimchukua muda mrefu, na hakutaka kusaidiwa na mtu. Nikapiga mara tatu. Katika ya kwanza nyanya anatafuta pa kuchomeka ua. Katika ya pili Mwanamisi amefumba macho. Katika ya tatu wote wawili wanacheka, na mpaka leo sijui walicheka nini.

Nilipozitoa kwenye maji siku ya pili nilikaa sakafuni. Miaka yote ile nilikuwa fundi tu. Mtu akija nampiga, uso wake unaonekana, anaridhika, tunaagana. Zile tatu zilikuwa kitu kingine, na nilijua hivyo bila kuambiwa. Nikaogopa kwamba nikizitoa hazitabaki na shahidi, na mimi mwenyewe baada ya miaka nitadhani niliota. Nikachukua mkasi, nikazikata zile negativu tatu kutoka kwenye mkanda wake, nikazificha katika kopo la biskuti nyuma ya chupa za dawa. Bahasha ikaenda na picha thelathini na tatu. Nikasema tatu zimeungua.

Uliibeba wewe bahasha ile tulipompelekea, kwa hivyo uliyasikia yote. Mwanamisi alizipitia zote moja moja, halafu akauliza, "Ile ya nyanya akinitia maua imo, Bi Mishi?"

Nikamwambia, "Hizo ndizo zilizoungua, mwanangu. Mwanga uliingia kwenye kamera."

Alisikitika kidogo, akanishukuru, akaniletea maandazi. Niliyala.

Sasa hapa ndipo pa kuniudhi mimi mwenyewe kila ninapopakumbuka, na hili wewe hukuliona. Nyanyake hakumaliza mwaka. Katika maisha yake yote bibi yule alipigwa picha moja tu, ya kitambulisho, na unazijua picha za vitambulisho, huwezi kumtofautisha mtu na jirani yake. Baada ya arubaini Mwanamisi alikuja hapa studio peke yake. Akasema, "Bi Mishi, hata hiyo iliyoungua, nipe hivyo hivyo. Pengine mkono wake utaonekana." Nikamwambia nilizitupa. Kopo la biskuti lilikuwa nyuma ya pazia, hatua tatu kutoka aliposimama. Alirudi tena baadaye kuuliza kama nakumbuka nilizitupa wapi.

Utauliza kwa nini sikumpa hapo. Kwa sababu kumpa ni kukiri. Uongo wa mwanzo niliusema kwa tamaa, na tamaa ingekwisha. Wa pili niliusema kwa haya, na haya haiishi. Kila siku iliyopita ilifanya siku inayofuata kuwa ngumu zaidi, mpaka nikazoea, na kuzoea kwenyewe ndiko kunakonitia haya zaidi kuliko uongo.

Kisha akaja Karla. Unamkumbuka, yule Mzungu aliyepanga kijumba Diani, mwenye viatu vikubwa vya askari na Kiswahili cha kitabuni, aliyekuwa akimwamkia mamangu "hujambo" na mamangu akimjibu kwa kukohoa. Kamera yake ilikuwa imeingia mchanga. Nilimfungulia, nikaisafisha, na tangu hapo akawa haishi kuja. Alikuwa mpigapicha wa kazi, mwenye vitabu vyake na maonyesho yake. Tukikaa stooni tulizungumza mambo ya kivuli na mwanga, mwanangu, mpaka chai inapoa. Miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kuzungumza nami habari za kivuli. Baba yako ni mtu mwema, lakini ukimwonyesha picha anachotazama ni kama amepigwa akiwa amefumba macho.

Siku moja nikavuta pazia, nikashusha kopo. Nilitaka mtu mmoja tu anayejua aniambie ni nzuri. Karla alizitazama, akazirudia, kisha akauliza, "Hii imepigwa na wewe, Mishi?" Nikasema ndiyo. Macho yakamlowa. Nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu, na baba yako asisome hapa.

Aliziazima akazisafishe kubwa, akazirudisha baada ya wiki pamoja na picha zenye upana wa sinia. Akaniuliza kama anaweza kuwaonyesha rafiki zake. Nikamwambia waonyeshe. Katika akili yangu rafiki zake ni watu sita au saba wamekaa sebuleni kwake Ulaya wakinywa kahawa. Namtetea Karla hapa, kwa sababu wakati ule ulimkasirikia sana: hakuniibia na hakunidanganya. Yeye aliuliza, na mimi ndiye niliyetoa ruhusa ambayo haikuwa yangu kuitoa.

Alipokwisha kurudi kwao, ndipo Njeri, mwenzako wa kazi pale hotelini, alipouona ukurasa wake wa intaneti kwenye kompyuta ya ofisi, akakuita. Uliniambia kwamba siku ile laini ilikuwa mbovu. Maandishi yalifika, picha hazikufika, badala yake mkaona vibweta vitatu vitupu, na simu ikakatika. Lakini uliyasoma maandishi: bi harusi, Msambweni, na chini kabisa ile C katika duara na jina la Karla. Ulirudi nyumbani Ijumaa ile umevimba, hata kiatu hujavua.

"Mama, kuna picha zako kwenye intaneti na zimeandikwa jina la mtu mwingine. Wameandika ni marufuku kunakili. Yaani hata wewe mwenyewe ni marufuku."

Mimi nilijua ni picha zipi kabla hujamaliza. Na jambo la kwanza lililonijia, Rukia, halikuwa Mwanamisi, wala haya, wala Mungu. Lilikuwa jina langu. Nilihisi nimekatwa mkono. Hata kulala mchana, ninakokupenda namna unavyojua, sikuweza. Kesho yake tukaandika ile barua pepe, mimi nikitamka na wewe ukiigeuza Kiingereza, na ulinikatalia kutia yale matusi mawili. Nilimwambia Karla kwamba mikono iliyopiga picha zile ina mwenyewe, na mwenyewe ana jina, na aliandike.

Jibu lilichukua siku nne. Aliomba radhi kwa maneno mengi. Alisema lile onyo lilikuwa la ukurasa mzima, linajiandika lenyewe chini ya kila kitu, hakufikiri, na sasa amelirekebisha. Unaikumbuka siku tuliyokwenda kuliona. Nilivaa buibui la Idi. Baba yako aliuliza kama kompyuta inaona watu, nikamwambia anyamaze. Njeri alituwekea viti viwili na chai, akafunga mlango wa ofisi ili tusisumbuliwe, na Mungu ambariki kwa hilo.

Maandishi ndiyo yaliyotangulia tena. Nikaliona jina langu. C ndani ya duara, halafu Mishi, Msambweni, Kenya. Picha hizi ni mali ya mpigapicha, hairuhusiwi kuzinakili bila idhini yake. Ulinisomea kwa Kiswahili, nikakwambia usome tena. Sijui kama umewahi kuniona nimenyooka mgongo namna ile. Mtoto wa mfagiaji, nami mfagiaji, na dunia nzima inakatazwa kugusa kitu bila kuniuliza mimi.

Kisha picha ya kwanza ikaanza kushuka. Ilishuka pole pole kutoka juu, mstari baada ya mstari. Yakaonekana makuti. Zikaonekana leso. Ukaonekana mkono wa bibi kizee na ua la asumini. Halafu nywele, halafu paji la uso, na kila mstari ulioshuka wewe ulikuwa ukijivuta nyuma kwenye kiti. Mabega ya Mwanamisi yalipofika, ulikuwa umeacha kabisa kuitazama kompyuta, unanitazama mimi.

Njeri hakujua lolote. Yeye ni mtu wa Nyeri, mambo ya kupamba ameyakuta hapa. Alisogea karibu, akasema, "Mama Rukia, hizi picha ni kali, haki ya Mungu. Lakini huyu dada anajua ako hapa? Juu mimi nikipigwa hivi kwa sherehe ya masista zangu, sitaki hata bosi aone. Na hii kitu inaonekana kila mahali."

Wewe ukasema, kwa sauti ndogo sana, "Mama, hizi si ndizo zilizoungua?"

Nilikujibu tutazungumza nyumbani. Hatukuzungumza.

Wiki iliyofuata nilijipa kila aina ya udhuru. Kubwa lao lilikuwa mstari ule ule. Nilijiambia picha zimelindwa, imeandikwa hairuhusiwi, nani atathubutu. Nilikuwa nikilirudia onyo lile moyoni kama dua. Ilinichukua siku kadhaa kukiri kitu ambacho Njeri alikiona kwa kutupa jicho mara moja: onyo linamzuia mtu kuchukua, halimzuii kutazama. Na kwa Mwanamisi, aliyekaa nyuma ya leso akijua ua umezibwa, kutazama ndiko kulikokuwa jambo lenyewe. Isitoshe, Karla alipoandika jina lake hakuna mtu wa huku ambaye angejua bi harusi ni nani. Nilipodai jina langu liandikwe, ni mimi niliyemwonyesha kila mtu nyumba ya kuuliza. Kijana yeyote wa kwetu anayefanya kazi hotelini angesoma Mishi, Msambweni, na angemjua bi harusi kabla chai haijapoa. Nilipigania haki yangu nikaipata, na niliipata kwa kumvua mwenzangu nguo.

Hata hapo sikwenda kwake. Nilikwenda siku nilipokutana na Mwanamisi mbele ya duka la dawa, mtoto begani, akaniinamia akanishika mkono akaubusu. "Shikamoo, Bi Mishi." Nikasema marahaba, nikahisi mkono ule si wangu.

Nilikuja moja kwa moja kazini kwako, nikakwambia uandike barua nyingine kwa Karla. Hii ilikuwa fupi. Ziondoe leo. Sina haki nazo. Ulinitazama, ukaandika, hukuuliza. Karla alijibu kesho yake kwamba ameziondoa, lakini hakuelewa, kwa sababu kisheria picha ni ya aliyeipiga, na alikuwa tayari kunieleza sheria hiyo kwa urefu. Namwamini. Sheria yake ni ya kweli, na siku mtu atakapoiba picha zangu za watoto wa Idi nitaikimbilia mimi wa kwanza. Ila inajibu ugomvi wa mpigapicha na mwizi, na mimi ugomvi wangu haukuwa huo.

Kisha nikaenda Gazi, kwa mume wa Mwanamisi, na kopo la biskuti na bahasha ya zile picha kubwa chini ya buibui. Hili hujawahi kulisikia. Nilimkuta Mwanamisi peke yake jikoni, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, mtoto amelala. Nilimwambia yote bila kupumua, kuanzia mkasi mpaka kompyuta. Alikuwa akikuna tu. Nilipofika kwenye intaneti hakushtuka nilivyotarajia. Alipouliza, aliuliza la mwanzo.

"Zilikuwapo? Siku zile nilipokuja?"

"Zilikuwapo."

"Ya nyanya pia?"

"Zote tatu ni za nyanya."

Akaacha kukuna. "Nilikuuliza mara tatu, Bi Mishi. Mara ya pili nilikwambia hata mkono tu."

Namshukuru Mungu sikutafuta udhuru. Nilimpa kopo na bahasha. Alifuta mikono yake kwenye leso, akavipokea, hakuvifungua. Akasema, "Uliniambia zimeungua, mimi nikajua ni ishara mbaya. Nilimwambia mume wangu harusi yetu imeungua. Miaka mitatu naliogopa neno hilo." Halafu akaniambia, kwa adabu yake yote, "Sasa nenda, mama yangu. Nataka kumtazama peke yangu."

Nilirudi kwa miguu mpaka barabarani. Nililia, lakini si sana, maana sehemu moja yangu ilikuwa nyepesi, na niliionea haya hata hiyo.

Miezi minne nilipomkuta njiani alinijibu salamu bila kusimama. Sikumlaumu. Hakuwaambia watu. Angetaka kunimaliza angesema neno moja tu kwenye matanga yoyote, nami ningerudi kufagia. Mwezi wa tano alinitumia mtu. Mdogo wake anaolewa, niende nikapige picha. Nilifika nimebeba kamera kama mwanafunzi siku ya mtihani. Alinipokea mlangoni, akasema, "Utapiga. Ukimaliza, filamu utaitoa hapa hapa, mbele yangu, nitaishika mimi. Siku ya kuisafisha nitakuja nayo na nitakaa stooni nawe."

Nikasema, "Haya, mwanangu."

Alikuja kweli. Alikaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, chini ya taa nyekundu, akaona nyuso zikitokea kwenye maji. Ilipotokea ya kwanza alisahau kwamba amenuna, akanishika bega. Tangu siku ile ndivyo ninavyofanya na wote. Bi harusi au mtu wake anakuja na filamu, anakaa nami mpaka mwisho. Kazi imekuwa ya polepole na stoo imejaa wanawake wanaocheka, wengine wanakuja na kahawa na kashata. Ndiyo makelele unayoyasikia siku za Jumamosi na ulikuwa hujui yalianzaje. Sijapata kuifurahia kazi yangu namna hii, na sikuistahili furaha yenyewe, lakini nimepewa, alhamdulillahi, naishi ndani yake.

Sikwambii uende ukagombane na wakubwa wako. Mstari ule utauandika kwa sababu ndiyo kazi, na mara nyingi utakuwa wa haki. Mpigapicha wa samaki na machweo ana haki ya kulindwa. Ninachokuomba ni kidogo. Mteja anapokuletea picha za watu, muulize mara moja, kwa upole, walisemaje waliomo. Wengine watakucheka. Mmoja atanyamaza kidogo kabla ya kujibu, nawe utajua umekaa mbele ya mtu kama mamako. Usimchukie mtu huyo. Mpe muda, kisha muulize tena.

Na zile tatu, kama unataka kujua, sijaziona tangu Gazi. Sijui amezitundika au amezifungia kabatini, na sijauliza. Kuna siku nazikumbuka, ile ya tatu hasa, na moyo unaniuma kama wa mtu aliyeacha mtoto mahali. Unauma, unaacha, natia chai.

Limebaki moja. Leo asubuhi ulikuwa umekaa kizingitini unasoma barua yako ya kazi, nywele hujazifunga, kidole unakipitisha chini ya kila neno kama ulivyokuwa ukifanya katika chuo cha Kurani ukiwa mdogo. Nilikupiga picha. Hukusikia. Nimeisafisha adhuhuri na nimeitia humu pamoja na negativu yake. Ni nzuri, Rukia. Sikutarajia Mungu angenipa nyingine.

Nimekupiga picha tangu ulipokuwa na siku saba, na katika miaka ishirini na mbili sijakuuliza hata mara moja. Nakuuliza leo. Naomba nibaki nayo, niitundike studio, ili anayeingia aniulize huyu ni nani. Ukikubali, kesho kabla ya kutoka iache mezani. Ukiichukua, nitakupakilia sanduku lako garini, nitakukumbatia vile vile, na nitarudi nyumbani nikiwa nimeridhika kwamba safari hii mwenye picha ndiye aliyeamua.

Mamako,
Mishi